Mlo Usio na Mahindi

Jumamosi iliyopita, chini ya hema la mazishi katika boma moja nje kidogo ya mji wa Oyugis, ilitangazwa kwa vipaza sauti, mbele ya umati ambao sikuweza kuuona mwisho wake, kwamba marehemu Mwalimu Okeyo ndiye aliyebuni somo ambalo wanafunzi wake wa zamani wanaliita hadi leo Siku ya Mtama. Nilikuwa nimeketi safu ya pili, miongoni mwa watumishi wa umma waliostaafu, na nilisikia kila neno. Habari ile haikuwa kamili, na habari isiyo kamili, katika kazi niliyoifanya maisha yangu yote, tuliirudisha ilikotoka. Sisemi kwamba marehemu hakuwa mwalimu hodari. Nasema tu kwamba jambo lile halikutokea kama lilivyosomwa, na kwa kuwa tuliokuwa watu wazima katika shule ile mwaka ule tumebaki wachache, ni wajibu wangu kuliandika lilivyokuwa.

Aliyesoma wasifu wa marehemu anaitwa Achieng. Siku hizi naye ni mwalimu mkuu, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia shingoni, na kabla ya ibada alikuwa amekuja kunisalimu kwa mikono miwili, akaniita Jaduong' Marwa, yaani mzee wa heshima, akaniuliza kama nimepata chai. Sina ugomvi naye. Lakini nilimtazama akirudi upande wao, upande wa wanafunzi wa Okeyo, na huko nikasikia watu wazima wenye mvi wakiitana kwa majina ya miji. "Kairo, sogeza kiti." "Timbuktu, umenona, bibi anakulisha nini?" "Wacha kelele, Baghdad, hapa ni matangani." Achieng mwenyewe walimwita Kilwa. Majina hayo waliyapewa darasani wakiwa Kidato cha Pili, na hawajayavua. Nilifundisha historia ileile, mwaka uleule, katika chumba kilichofuata. Hakuna mtu duniani anayeitwa kwa jina nililompa mimi.

Wakati huo Migori na Homa Bay zilikuwa bado ndani ya wilaya moja, na makao yake makuu yalikuwa Homa Bay. Shule yetu ilikuwa upande wa Migori, juu ya mteremko, na madirisha yake yaliitazama barabara ya vumbi iendayo Sori. Okeyo nami tulikuwa tumetoka tu Kidato cha Sita, tukaajiriwa na bodi ya shule kama walimu wasio na mafunzo. Tulipewa nyumba moja ya vyumba viwili na mkondo mmoja mmoja wa Kidato cha Pili: yeye Magharibi, mimi Mashariki. Somo lilikuwa Historia ya Dunia katika zama za kati, yaani misafara ya chumvi na dhahabu kuvuka Sahara, miji ya pwani yetu, Zimbabwe ya mawe, Uajemi, Uchina, wafalme na makabaila wa Ulaya. Yeye hakujua Kikuria, nami wakati huo sikujua Dholuo, kwa hiyo lugha yetu nyumbani ilikuwa Kiswahili, na jina aliloniitia lilikuwa "omera", neno ambalo kwao humaanisha ndugu. Nilichelewa kuligundua hilo. Nilidhani ni njia ya kukwepa kutaja jina langu.

Mimi nilifundisha kama nilivyofundishwa, ila kwa uangalifu zaidi. Niliingia na ubao umekwisha kugawanywa kwa rula: karne upande wa kushoto, mahali katikati, matukio upande wa kulia. Madaftari ya wanafunzi wangu yalikuwa safi kiasi kwamba mwalimu mkuu aliyachukua kuwaonyesha wazazi. Okeyo aliingia na kipande kimoja cha chaki mfukoni. Muhula wa kwanza ulipoanza alimpa kila mtoto mji, akawapanga kwenye madawati kama dunia ilivyokaa, na tangu hapo hapakuwa na mwanafunzi katika chumba kile, palikuwa na Kairo na Timbuktu na Venisi wakigombania chumvi. Alichukua chumvi halisi kutoka jikoni, akaifunga kwenye karatasi, ikapita mkono kwa mkono kutoka dawati hadi dawati, na kila mji uliipandisha bei. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao. Nilipokuwa nikieleza mfumo wa ukabaila, mwanafunzi wangu mmoja wa safu ya nyuma aliinamisha kichwa hadi sikio likagusa ubao wa ukutani, na nilipomwuliza ni nini nilichosema mwisho, alijibu kwa unyofu kabisa kwamba Baghdad imekataa kununua.

Nakumbuka vema wivu uliponiingia, maana kabla ya hapo niliuita kero. Nilikuwa nyuma ya tangi la maji, nikisubiri ndoo yangu ijae, na wasichana wawili upande wa pili hawakuniona. Mmoja, mgeni aliyehamia katikati ya muhula, aliulizwa amewekwa mkondo gani. Akasema Mashariki. "Kwa nani?" "Kwa Marwa." Yule mwenziwe akamwambia, kama mtu anayempa mkono mfiwa, "Pole." Hawakucheka. Laiti wangecheka ningewaadhibu na jambo likaisha. Nilibeba ndoo hadi nyumbani, na huko nikamkuta Okeyo akikaanga omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya jiko la mafuta, akipiga mluzi. Aliniwekea sehemu kubwa kuliko yake kwenye sahani ya bati. Nilikula. Zilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera.

Mnamo muhula wa pili mwalimu mkuu alituita ofisini pamoja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alitwambia kwamba mkaguzi angekuja kutoka Homa Bay kututazama tukifundisha, na kwamba baada ya hapo shule ingependekeza jina la mmoja wetu kwenda chuo cha ualimu, na huyo angerudi kuwa mwalimu wa kudumu wa historia. Yule mwingine hakuahidiwa kitu. Tulipotoka, Okeyo aliniambia nafasi ile lazima iwe yangu kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, yeye anapiga domo tu. Niliyachukua maneno yale kuwa mbinu. Ukweli ni kwamba niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka kurudi katika chumba kile nikiwa na cheti, nifundishe hadi watoto wa upande wa pili wa ukuta wainamishe vichwa kusikiliza huku.

Ndipo ukatokea mlo ninaousimulia. Asubuhi moja nilikuwa nikiandika ubaoni nikamsikia Okeyo, kupitia mbao, akimkaribisha mfanyabiashara wa Kiajemi mjini Kilwa. Kila kitu kilikuwa sawa: nahodha, bandari, vitambaa, pembe za ndovu. Kisha mgeni akaketishwa mkekani akaletewa chakula, na chakula kile kilikuwa bakuli la githeri. Chaki ilinikatikia mkononi. Msomaji asiyefundisha historia huenda asione kosa. Githeri ni mahindi na maharagwe, na shuleni tulikula githeri mchana wa kila siku hadi tukadhani ndicho chakula walichokula Adamu na Hawa. Lakini mahindi yametoka Marekani. Maharagwe yale mekundu nayo yametoka Marekani. Hakuna mtu wa Kilwa katika zama zile, wala wa Mali, wala wa Zimbabwe, aliyewahi kuona punje ya mahindi, kwa sababu merikebu zilizoyaleta zilikuwa hazijavuka bahari ya Atlantiki. Alikuwa amekosea kwa zaidi ya karne nzima, mbele ya darasa lote, kwa sauti kubwa, na nilifurahi. Niandike kama ilivyokuwa: nilifurahi sana.

Nilingoja mapumziko ili nimwambie ndani ya chumba cha walimu, mahali ambapo wenzetu wote wangesikia. Nilimwambia taratibu, kwa tarehe na kwa ushahidi. Nilitarajia abishe. Yeye alikaa chini akaweka kikombe mezani.

"Hata maharagwe, omera?"

"Hata maharagwe."

"Na nyanya?"

"Nyanya pia. Na pilipili. Na muhogo, na viazi, na njugu karanga."

Alicheka hadi akafuta macho. "Marwa, umenimalizia soko lote la Migori. Sasa hawa watu walikuwa wanakula nini?"

Nikamwambia. Mtama, wimbi, kunde, njugu mawe, mboga za kienyeji, samaki, maziwa, na mchele huko pwani. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo tangu Kidato cha Tano, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilizungumza hadi kengele ikalia na bado akawa ananiuliza. Nami, ambaye nilikuja kumwaibisha, nilijikuta namfuata jikoni, kwa sababu alikuwa amesema ni lazima watoto wauonje mlo ule, mikondo yote miwili, siku moja.

Mpishi wetu aliitwa Mama Anyango, na jikoni kwake walimu hawakuingia bila ruhusa. Okeyo alimweleza kwa Dholuo, naye akamsikiliza huku akikoroga. Kisha alinigeukia mimi kwa Kiswahili, kwa kuwa aliambiwa kwamba sheria ni zangu. "Mwalimu, umenitolea mahindi. Nimenyamaza. Umenitolea maharagwe, nimenyamaza. Saa hii unanitolea nyanya na pilipili. Nitawapikia watoto wa watu maombi?" Okeyo alimwambia kuna dek, ile mboga chungu ya kienyeji, itapikwa kwa maziwa. Mama Anyango akasema hiyo hata bibi yake alipika na hakuhitaji mwalimu. Akakubali. Siku ilipofika, ni mimi niliyesimama jikoni tangu moto ulipowashwa, maana nilijua kwamba huku kwetu unga wa mtama huchanganywa na wa muhogo ili ugali ushikane, na katika zama zile muhogo haukuwepo. Mara mbili nilimzuia Mama Anyango mkono ukielekea kwenye gunia la unga wa muhogo. Mara ya pili aliniambia kwamba mke wangu, nikimpata, atakuwa mwanamke mvumilivu. Moshi uliniingia machoni, shati langu la pekee jeupe likapata masizi, lakini hakuna kilichoingia katika sufuria ile ambacho hakikuwa na haki ya kuwamo.

Bwalo halijawahi kunukia vile. Ugali ulikuwa mwekundu, mzito, wenye uchachu kidogo, na watoto waliutazama kwa shaka kabla ya kukata tonge. Okeyo alitembea kati ya meza akiwauliza wanasikia ladha gani, akiwaambia kwamba hapo wanakula pamoja na watu wa Zimbabwe na pengine na wale waliojenga maboma ya mawe ya Nyatike, yale wanayopita wakienda kwao. Nilitaka kusema kwamba miaka ya maboma yale haijathibitishwa. Sikusema, maana mlango ulifunguka akaingia mwalimu mkuu akiwa na mkaguzi kutoka Homa Bay, ambaye tulimtarajia wiki iliyofuata. Mkaguzi alipewa bakuli. Alikula, akasema mara ya mwisho kula ugali ule ilikuwa kwa nyanyake, kisha akauliza ni nani aliyewaza jambo hili. Mwalimu mkuu akajibu bila kusita, "Ni Mwalimu Okeyo." Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwao, na mwiko mkononi. Nilimtazama Okeyo. Kwa kuweka kumbukumbu sawa, alikuwa na tonge mdomoni. Alipolimeza na kuanza kusema jambo, mkaguzi alikuwa amekwisha kumpa mkono, na bwalo zima lilikuwa likipiga meza.

Alasiri hiyo mkaguzi aliketi nyuma ya darasa langu. Alikuta karne upande wa kushoto, mahali katikati na matukio upande wa kulia. Hakuna kosa alilopata. Nilipomaliza aliniambia kwamba hajaona mpangilio kama ule, na kwamba katika ofisi ya elimu wanamhitaji sana kijana mwenye mkono wa namna ile. Hivyo ndivyo nilivyoshindwa. Okeyo alipendekezwa kwenda chuoni, nami nikapata kazi Homa Bay, yenye meza, kiti cha kuzunguka na mshahara uliozidi wa mwalimu yeyote katika shule ile. Wenzetu walinipongeza mimi. Walimu walinifanyia karamu ndogo ya soda, na aliyetoa hotuba ndefu kuliko wote alikuwa Okeyo, akasema nitakuwa mtu mkubwa. Nikawa. Nilipanda vyeo hadi kile nilichostaafia. Lakini sikusimama tena mbele ya darasa, na kila nilipozuru shule, iwe Mfangano au mpakani karibu na Tanzania, nilikuta kijana fulani akigawa miji kwenye madawati, na nilipomwuliza alijifunzia wapi, alitaja jina la Okeyo. Nilitia sahihi ripoti zilizomsifu. Sikuzuia hata moja. Nilizisoma tu mara mbili zaidi ya nyingine, nikitafuta kosa.

Sasa nirudi Oyugis. Baada ya wasifu kusomwa, mwendesha shughuli alialika mtu mmoja kutoka idara ya elimu aseme machache, akanitaja kwa cheo changu cha zamani. Sikuwa nimekusudia kusema, lakini kipaza sauti kilipofika mkononi nilijua kwamba hakutakuwa na siku nyingine. Nilimpa mjane pole kama inavyostahili. Kisha nikasema:

"Nimesikia ikisomwa kwamba Siku ya Mtama ilibuniwa na marehemu. Kwa heshima yote, naomba isahihishwe. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mahindi hayakuwepo. Na mimi ndiye niliyelinda sufuria."

Nilikuwa tayari kwa minong'ono, hata kwa kukatizwa. Badala yake, kutoka upande wa wanafunzi wake kilizuka kicheko. Hakikuwa cha dhihaka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokumbushwa kitu wanachokipenda. Achieng alisimama, bila kipaza sauti.

"Tunajua, Mwalimu," alisema. "Kwani ulifikiri hatujui? Asubuhi iliyofuata, wewe ukiwa bado hujaingia chumba chako, aliingia darasani akafuta ubao wote. Akatuambia, 'Jana niliwalisha githeri mjini Kilwa, na ulikuwa uongo. Mwalimu Marwa amenishika. Mkitaka kujua kama kitu ni kweli, msiniulize mimi, nendeni chumba cha pili mkamwulize yeye. Mimi pia huwa namwuliza.' Alilisimulia hilo kila tulipokutana naye. Leo nimefupisha kwa sababu ya muda. Unisamehe, Jaduong'."

Yule mzee wanayemwita Kairo akadakia kutoka kitini. "Alitutuma kwako, kweli. Lakini Mwalimu, nani angethubutu kubisha mlango wako?"

Hapo hema lote lilicheka, hata mjane. Kisha watu walianza kupiga makofi, na nilielewa mara moja wanampigia nani: kijana wa Kidato cha Sita, asiye na cheti, aliyesimama mbele ya watoto akasema amekosea. Mwendesha shughuli alipokea kipaza sauti kutoka mkononi mwangu, akasema, "Huyo ndiye Okeyo wetu," na makofi yakaongezeka. Niliketi. Mtu wa safu ya nyuma alinipigapiga begani kwa upole.

Basi kumbukumbu iko sawa, na nimejiridhisha kwamba ilikuwa sawa tangu siku ile. Haki niliyoidai ilikuwa imekwisha kulipwa, hadharani, mbele ya darasa zima, na mtu ambaye hakuna aliyemlazimisha, nami ndiye pekee ambaye sikuwamo chumbani. Kosa lake alilitumia vizuri kuliko mimi nilivyotumia usahihi wangu. Kwa miaka yote hii wivu wangu ulikuwa na sababu, nami niliitunza sababu hiyo kama mali. Tangu Jumamosi hauna sababu tena, na haujapungua.